Kiatu Tulichokisomea Hitima

Kiatu kilikuja hospitali ndani ya kasha la vitu vilivyokwishatumika Ulaya, pamoja na magongo na mikanda ya viuno, na kikanienea kama kilichoshonwa kwa ajili yangu. Kilikuwa cha ngozi nyekundu, na vyuma viwili vikipanda ubavuni mpaka chini ya goti. Nilikuwa na miaka saba. Polio ilikuwa imeniachia mguu wa kushoto unaoning'inia kama tambara, na mpaka siku hiyo nilitambaa, au nilibebwa na bibi aliyenilea kijijini Gando. Nilisimama mbele ya fundi wa viungo nikacheka peke yangu kama mwehu.

Bibi hakucheka. Alitia mkono ndani ya kiatu, akapapasa. Mlikuwa na vishimo vitano vya vidole vya mtoto mwengine.

"Kina mwenyewe hiki," aliniambia tuliporudi nyumbani. "Hapana ntu atoae guu lake ilhali yu hai. Mwenyewe keshakufa."

Basi nisingekivaa mpaka marehemu asomewe. Kwetu vitu vya maiti hutolewa sadaka, na anayevipokea humwombea aliyeviacha. Bibi hakuona kwa nini mtoto wa Kizungu abaguliwe. Mwalimu wa chuo cha Kurani alisita, akauliza dini yake na jina lake. Bibi akamjibu kwamba mtoto hana dhambi, na jina Mungu analijua. Majirani wakaja, ikasomwa Yasini, tukala wali. Kwenye dua akatajwa kuwa ni mwenye kiatu. Mimi niliitikia amina kwa sauti kuliko wote, maana nilitaka kutembea.

Nikatembea. Miaka miwili nilikwenda chuoni na skuli, kwata, kwata, watoto wakinijua kabla sijatokea. Ila sikuwa peke yangu. Kisigino kilikuwa kimelika upande wa nje, si upande niliokanyagia mimi, na kila hatua kikinivuta huko, kama mtu aliyenishika mkono anipeleke kwao. Nikikivua nipumzike mchana, nilikigeuza kikatazama ukuta, mwenyewe asije akatoka. Nilimwogopa. Nilimpenda pia, kwani sikuwa na rafiki mwengine aliyeujua mguu ule.

Kisha kikaanza kunibana. Fundi alikwisha kutuambia kwamba kikiwa kidogo tukirudishe, atanipa kikubwa, na hicho kuna mtoto wa Makangale anakingoja. Bibi akafikiri kwa njia yake. Wa kwanza alikivua akafa. Mimi nami nikikivua, kikavaliwa na mwengine, itakuwaje? Akakifunga kwa kipande cha bafta, ile nguo nyeupe ya sanda, akachimba nyuma ya jiko, akakizika.

"Bora akae nacho mwenyewe," akasema, "asije akakutaka na weye."

Masika yalipokwisha na barabara kukauka, alinibeba tena hospitali. Alimwambia fundi kwamba kiatu kimechukuliwa na maji. Fundi alishusha pumzi, akanifunga kipya. Kwenye benchi alikaa mama aliyetoka Makangale alfajiri, binti yake mdogo mapajani, mguu mmoja ukining'inia. Niliujua mguu ule. Nikamuuliza fundi, kwa sauti ndogo, yule mtoto wa kwanza alikufa kwa nini.

"Nani kakwambia kafa?" akasema. "Alikua tu, mwanangu. Mguu wa mtoto hukua, kiatu hakikui."

Nilimtazama bibi. Alikuwa anatazama sakafu. Ningeweza kusema: nyuma ya jiko, karibu na lundo la majivu. Lakini bibi angeumbuka mbele ya watu, na mimi nilikuwa na kiatu kipya mguuni, nikaogopa nitavuliwa. Yule mama, alipoambiwa kiatu hakipo tena, akajifunga kanga upya, akampandisha mtoto mgongoni, akatoka.

Nyumbani bibi alikifukua kabla hata hajanywa maji. Mchwa walikwisha kula ngozi, na vyuma vimeshikwa na kutu. Aliketi uani mpaka alasiri akivisugua kwa mchanga na ndimu, havikutakata. Hatukulitaja jambo lile mpaka alipokwenda mbele ya haki.

Siku hizi daktari wangu, kijana wa Konde, hunionesha kwenye simu yake vifaa vya miguu vinavyouzwa dunia nzima: vya plastiki, vyepesi, kwa saizi na kwa rangi. Ni soko kubwa, ananiambia, na huniuliza nipendacho. Macho yangu hukimbilia vile vya watoto. Niliyemwitikia amina huenda yu hai, bibi kizee kama mimi, na namtakia umri mrefu, hanijii tena. Anayenijia ni wa Makangale. Huja akijikokota mpaka mlangoni, akaniuliza kiatu chake kiko wapi, nami hunyamaza kama siku ile.