Kuku Watatu wa Msimamizi, kutoka Malaba hadi Sio Port

Jumatano saa saba mchana, Busia, nilimchukua mwanangu wa miezi minne aliyekuwa akilia, nikampakatisha Mzee Barasa mapajani, mbele ya watu na mbele ya sahani yake ya kuku.

"Mzee," nikamwambia, "siku ya tatu leo unakula kwa niaba yangu. Mtoto ana njaa. Mnyonyeshe kwa niaba yangu."

Hakuna aliyecheka ila mpishi, naye alikuwa nyuma ya pazia. Najua habari imewafikia huko nyumbani ikiwa imetiwa pilipili, kwa hiyo nawaeleza mwenyewe. Sikumtupa mtoto. Nilimweka vizuri, na shingo nikaishika mpaka mzee alipoishika yeye.

Jumatatu asubuhi, Bungoma, ndipo safari ilipoanza. Kabla sijaolewa nilikuwa mmisionari wa kanisa letu kule Amagoro miaka miwili. Kwetu mmisionari si lazima awe Mzungu mwenye kofia ya jua. Anaweza kuwa msichana aliyemaliza kidato cha nne, akapewa baiskeli na Biblia na kutumwa kwa watu ambao lugha yao haijui. Huko nilianzisha darasa la akina mama la kusoma na kuandika, katika chumba kidogo nyuma ya kanisa. Sasa Halmashauri ya kanisa ilikuwa imenichagua kuwa Msimamizi wa kazi ya akina mama mpakani kote, nami nilikuwa narudi kuona nilichokiacha.

Halmashauri ikasema mama anayenyonyesha hawezi kuzunguka mpakani peke yake, na haya mambo ya magendo ya kahawa. Nikapewa Mzee Barasa anisindikize. Mzee ana kofia, tai, na mkoba wa ngozi ambao sijawahi kuona ukifunguliwa.

Saa tano tulishuka kwenye treni Malaba. Stesheni ilijaa wanawake wenye sabuni na chumvi za kuvusha Uganda, ambako vitu hivyo vilikuwa vimekuwa dhahabu. Waumini wetu walikuja kutupokea kwa wimbo. Wimbo ulinifikia, ukanizunguka, ukaenda kusimama kwa Mzee Barasa.

"Karibu Msimamizi," wakamwambia, wakimtikisa mkono.

Mzee akakohoa kwanza. Alikohoa muda mrefu kuliko kikohozi kinavyohitaji. Kisha akasema, "Msimamizi ni huyu binti. Mimi namsindikiza tu."

Mwenyekiti wa Malaba akanitazama, akamtazama mtoto mgongoni, akatazama upande wa jikoni. "Sasa hii kuku tumechinja?" akauliza.

Mnajua desturi yetu. Bibi zetu hawakuonja kuku. Kuku ni wa mgeni mwanamume, na imondo, ile firigisi, ni ya mkubwa wa meza. Mimi nilishakula kuku katika shule ya bweni kila tulipofunga muhula wa mwisho, na sikuota ndevu. Lakini hapo mezani sahani iliwekwa katikati yetu, na Mzee Barasa akaivuta taratibu kama mtu anayevuta Zaburi.

"Usijisumbue, binti yangu," akaninong'oneza. "Nitakula kwa niaba yako, wasije wakaudhika."

Mimi nikaletewa ugali na mrenda. Nilicheka. Siku ya kwanza ilichekesha kweli.

Jumanne tulifika Amagoro kwa baiskeli mbili za kukodi, mimi nikiwa nimekaa upande nyuma ya kijana mmoja wa Kiteso aliyeimba njia nzima, ili mtoto alale. Mtoto hakulala. Amoit alinipokea njiani. Huyu nilipomfundisha alikuwa akishika kalamu kama mwiko. Sasa alinionyesha barua aliyomwandikia dada yake Tororo.

"Mwalimu, umenenepa," akasema, kisha akanishika kiuno. "Hapana, ni mtoto tu. Wewe mwenyewe umekonda."

Kuku wa pili alikuwa jogoo mkubwa. Mzee alimla kwa niaba yangu hadi shingo. Maziwa yangu yalianza kupungua, na mwanangu Wafula akanieleza hilo kwa kilio mchana wote.

Baada ya chakula akina mama walisimama. Chumba cha darasa kilikuwa kimefungwa tangu nilipoondoka, na ufunguo anao mwenyekiti wa pale. Waliomba ufunguo, hilo tu. Nikafungua kinywa nijibu. Mzee Barasa akawahi.

"Msimamizi amewasikia," akasema. "Msimamizi anasema mngoje."

Sikuwa nimesema mngoje. Lakini Wafula alikuwa amenitapikia, nikainuka kumsafisha, na niliporudi watu walikuwa wanaomba sala ya kufunga. Huwezi kukatiza sala. Mzee alilijua hilo.

Jumatano, Busia, tulifika kwa basi, na huko mnajua tayari kilichotokea. Alikuwa kuku wa tatu, wa mchuzi mzito. Nilichokuwa sijawaambia ni kilichofuata. Wafula alinyamaza ghafla, akaishika tai ya Mzee, akaitia kinywani pamoja na mchuzi uliokuwa juu yake. Mzee hakujua pa kuweka mikono. Mimi nikavuta sahani, nikaanza na imondo. Ilikuwa ngumu, hawakuipika sana, lakini niliitafuna yote huku wazee wa Busia wakinitazama kama mtu anayetafuna kengele ya kanisa.

"Binti," Mzee akasema kwa upole wa kutisha, "hili nitalipeleka Halmashauri."

"Tulipeleke wote, mzee. Tuone nani anatembea haraka."

Alhamisi tulipita Nangina tukateremka Sio Port bila kuzungumza. Mzee alikaa mbele ya pikapu, mimi nyuma na magunia, na kwa mara ya kwanza nilisafiri kwa raha. Mwenyeji wetu, Mama Nabwire, alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, kwenye nyavu kuukuu. Habari ya Busia ilikuwa imemfikia kabla yetu.

"Ni wewe ulipatia mzee mtoto anyonyeshe?" akaniuliza.

"Ni mimi."

"Akatoa maziwa?"

Akacheka mpaka akakalia ndoo. Akaniletea mbuta mzima, na kichwa chake. "Kula, dada. Huku kwetu samaki haina mwanaume wala mwanamke. Ziwa haliulizi."

Nilikula, Wafula akanyonya, akalala. Nikamsimulia Mama Nabwire safari nzima, kuku mmoja mmoja, na lile la Amagoro nikalipitia haraka tu. Yeye akaacha omena.

"Kuku umeona," akasema. "Na ule ufunguo, nani alimeza?"

Siku tatu nilikuwa nimekasirika kwa ajili ya tumbo langu, kumbe kinywa changu kilikuwa kimeliwa mbele yangu, nisiseme kitu.

Ijumaa, wakati wa kurudi, nilimwambia Mzee kwamba ninashuka Amagoro. Akasema yeye anaendelea Bungoma, ana haraka. Niliijua ile haraka, ya kuniwahi kwa Halmashauri.

Mwenyekiti wa Amagoro alinipokea mlangoni. "Ufunguo upo," akasema, "lakini Msimamizi alisema wangoje."

"Msimamizi ni mimi. Nilisema lini?"

"Kupitia kwa mzee."

"Na sasa nasema kupitia kwangu. Wafungulie."

Akajikuna. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa karatasi. "Mama, hii sasa inataka barua ya Halmashauri."

Basi barua itakuwako. Niliketi kuiandika nje ya kile chumba kilichofungwa, Amoit akimbeba Wafula, na akina mama wakiinama juu ya bega langu kuona kama nimeweka kila kitu. Jumamosi saa tatu asubuhi niliipeleka kwa Katibu Bungoma. Mzee Barasa hakuwa amefika. Alilala Malaba, kwa watu waliomchinjia kuku. Hii hapa, neno kwa neno:

"Kwa Katibu wa Halmashauri. KUH: KUSEMEWA. Mimi, Msimamizi wa kazi ya akina mama, nalalamika rasmi juu ya msindikizaji wangu, Mzee Barasa, ambaye alinisindikiza mpaka nikapotea. Kuku wawili aliowala siwadai, na wa tatu nilimla mwenyewe, kama Mzee atakavyowaeleza. Ninachodai ni maneno yangu. Kule Amagoro alisema kwa niaba yangu neno ambalo sikusema, na kwa neno hilo mlango umebaki umefungwa. Naomba leo hii mwandikieni mwenyekiti kwamba Msimamizi amesema fungua. Naomba pia iandikwe kwamba ninapoulizwa, ninajibu mimi. Mkiona kazi hii inamfaa Mzee kuliko mimi, mpeni, na mtoto nitamletea kila baada ya saa tatu. Chini hapa ni majina ya wanawake kumi na mmoja wa Amagoro. Saba wameandika kwa mkono wao. Wanne wametia kidole gumba. Hao wanne ndio wanaongoja ufunguo."