Mechi Waliyoisikia Watu wa Ipililo

Kabla hajawa mtu wa mpira, Milembe alikuwa mtu wa mnada. Kwa miaka kumi na minne alisimama kwenye minada ya ng'ombe ya Bariadi na Maswa, spika mkononi, akitangaza misiba, chanjo za mifugo, ndama waliopotea na bidhaa mpya za madukani. Sauti yake haikuwa tamu. Ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, lakini ilipita juu ya kelele za ng'ombe mia tatu na kumfikia mtu anayekula nyama choma upande wa pili. Tena watu walijua kwamba Milembe hatangazi asichokiamini. Mfanyabiashara mmoja aliwahi kumletea tangazo la mbegu za pamba. Milembe akafungua mfuko, akazichota kiganjani, akazitazama, akamrudishia. "Hizi hazioti," alisema, na siku hiyo akarudi nyumbani mikono mitupu.

Wavunaji FC, timu ya Bariadi, ilipopanda daraja na kuanza kulipa wachezaji mishahara, uwanja ulibaki mtupu. Mwenyekiti wa klabu, mwalimu mstaafu aitwaye Januarius, akamfuata Milembe mnadani.

"Mayu, watu wetu wanazijua timu za Dar kuliko sisi," alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Sisi wanatusikia redioni tukifungwa."

"Mmewahi kuwaita?"

Januarius akakuna kidevu. "Tumebandika karatasi stendi."

Milembe alikubali kuitangazia timu kwa sharti moja: kila siku ya mnada apewe wachezaji wawili wa kufuatana nao. Aliyempenda kuliko wote ni Bujiku, beki wa kushoto, mzaliwa wa Ipililo. Bujiku aliwaamkia wazee kwa Kisukuma huku amepiga magoti, na ng'ombe akigoma kupanda lori yeye ndiye aliyemshika pembe. Kufikia Desemba, malori yalikuwa yanakuja uwanjani kutoka Shishiyu na Ipililo, kina mama wakiwa na vibuyu vya maziwa ya mgando, wazee wakiwa na fimbo zao. Wengi hawakujua sheria ya kuotea. Walikuja kumwona mtoto wao.

Katikati ya msimu klabu ikapata mdhamini, na pamoja na mdhamini akaja meneja masoko kutoka Dar, kijana aitwaye Method. Hakuwa mtu mbaya. Alifanya kazi hadi macho yakawa mekundu, na kila asubuhi aliweka picha nzuri za wachezaji mtandaoni. Lakini ziara za minadani alizifuta, akisema wachezaji wanachoka, na tiketi za karatasi akaziondoa. Sasa mtu angeingia kwa kadi, nayo iliuzwa katika maduka mawili ya mjini.

"Na wa Ipililo?" Milembe alimuuliza.

"Watajifunza, mama. Hata Dar walilalamika mwanzoni."

"Wa Dar duka liko mlangoni kwake. Huyu wa Ipililo ameamka alfajiri, akatembea hadi linapopatikana lori."

Method akafikiri kidogo. "Basi watangazie waje na fedha zao. Getini kutakuwa na mtu wa kuwauzia kadi. Nimeshapanga."

"Umeshapanga?"

"Nimeshapanga, mama."

Milembe akaenda kutangaza. Ilikuwa mechi kubwa, dhidi ya timu kutoka Mbeya, na atakayeshinda angekaa pazuri kuelekea Ligi Kuu. Katika mnada wa Ipililo alimkuta mzee Mayige, baba yake Bujiku, amesimama na mitamba wake wawili. Mzee huyu hakuwahi kumwona mwanawe akicheza. Alitaka kijana abaki na ng'ombe, na kwa mwaka mzima walisalimiana kama majirani wasioelewana mpaka wa shamba.

"Mwadila, baba," Milembe alimwamkia. "Jumamosi njoo umwone."

"Nikaone watu wazima wanakimbiza kitu?"

"Ukamwone yeye. Getini utalipa, utaingia, utakaa. Mimi nakuambia."

"Kama ni wewe unayesema," alijibu.

Jumamosi lori liliingia saa saba na nusu likiwa na watu arobaini na saba. Mzee Mayige alikuwa wa mwisho kushuka, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na kofia aliyoivaa siku za harusi. Getini hapakuwa na muuza kadi. Kulikuwa na walinzi wawili na mashine ndogo ya kusoma kadi, na wale walinzi hawakuwa wameambiwa chochote. Milembe alituma mtu kwenye maduka yote mawili. Jibu lilikuwa moja: kadi zimeisha tangu saa nne asubuhi.

Alimpigia Method mara sita. Mara ya saba akaja mwenyewe, beji shingoni, jasho likimtoka.

"Mama, zilizobaki nimewawekea wageni wa mdhamini."

"Wamekuja?"

Kupitia nafasi ya geti Milembe aliona safu nzima ya viti vya plastiki havina mtu.

"Waingize hawa wakae pale."

"Mfumo haupokei fedha taslimu. Nikiwaingiza bure, bodi itaniuliza. Naomba unielewe." Akageuka akarudi ndani, na mlinzi akafunga geti nyuma yake.

Mdomo uliponza kichwa, Milembe aliwaza, ila hapa vilikuwa vimeponzeka vichwa vya watu wengine. Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Walikaa kwenye kivuli cha lori, na Ng'washi, mama mmoja wa makamo aliyekuwa haachi kuja tangu mwanzo, akaanza kuwagawia watu maziwa kana kwamba wako msibani.

Mzee Mayige akamsogelea. "Yuko humo?"

"Yumo, baba."

"Na pesa yangu hii hapa."

"Naiona, baba. Nisamehe."

Filimbi ya kuanza ilipolia, Milembe alivua viatu akapanda juu ya kichwa cha lori. Ukuta ulikuwa mrefu. Kutoka pale aliona ubavu wa mbali wa uwanja, alikocheza Bujiku, basi; ubavu wa huku na magoli yote mawili vilifichwa na ukuta. Akawasha spika akaanza kutangaza kwa Kisukuma. Aliwaambia Bujiku amepokea mpira, amempita mtu, amechezewa vibaya, ameinuka, anajifuta goti. Watu wakasimama mmoja mmoja. Mzee Mayige aliegemea fimbo, uso ameuinua kwa Milembe, si kwa ukuta.

Lakini mpira ulipokuja ubavu wa huku, Milembe alinyamaza.

"Sasa kuna nini?" waliuliza.

"Sioni."

"Tuambie tu."

"Nikiwaambia nisichokiona nitakuwa nawadanganya mara ya pili."

Mbeya wakapata bao kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili timu zilibadilishana magoli, na Bujiku akahamia ubavu wa huku, uliofichwa na ukuta. Dakika nyingi Milembe alisimama juu ya lori bila neno. Kisha uwanja ukalipuka kwa kelele. Watu wa Ipililo wakashangilia nao, wakisitasita, kama mtu anayecheka utani ambao hakuusikia vizuri.

"Nani kafunga?" mzee Mayige aliuliza.

"Sijui, baba."

Baadaye ndipo walipopata habari kwamba Bujiku aliiba mpira nyuma, akakimbia nao uwanja karibu wote, akaweka krosi iliyozaa bao la kusawazisha. Watu waliokuwa ndani walisema hawajawahi kuona mbio kama zile. Baba yake alikuwa umbali wa kutupa jiwe, akitazama tofali.

Hawakuweza hata kumsubiri. Mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa Maswa, na dereva alisema mto wa njiani ukijaa hawapiti. Lori likaondoka kabla wachezaji hawajatoka. Mzee Mayige alimwachia Milembe mfuko wa karanga ampe mwanawe, na Bujiku alipoupokea aliuliza, "Alikuja?" Milembe akamweleza yote. Kijana alikaa chini kwenye ngazi za chumba cha kubadilishia nguo, mfuko magotini.

Jumatatu bodi ilimwita Milembe kujibu kwa nini amesababisha mkusanyiko nje ya uwanja. Aliwasikiliza, kisha akasema yake. Alisema wapeleke kadi minadani siku tatu kabla ya mechi. Warudishe wachezaji vijijini, hata mmoja. Muda wa mechi ukibadilika, watu waambiwe kwa mdomo, kwa sababu mtu anayechuma pamba hashindi akitazama picha kwenye simu. "Na kama kitu hakijapangwa," alimaliza, "msinipe nikatangaze."

Method ndiye aliyezungumza. "Nilituma ujumbe kwa mtu wa kadi, sikuhakikisha. Kosa ni langu."

"Usiniambie mimi. Twende ukawaambie wao."

Alikwenda kweli. Alisimama katikati ya mnada wa Ipililo, viatu vyake vyeupe vimejaa vumbi, akaomba radhi kwa Kiswahili, Milembe akitafsiri. Watu walimsikiliza kwa heshima. Ng'washi akajibu kwa niaba ya wenzake: "Tumekusikia, baba. Ila pamba imeanza kupasuka. Tutaona."

Kadi zililetwa. Kwa mechi iliyofuata lori lilikuja na watu tisa, na iliyofuata hiyo halikuja. Mnadani Shishiyu, Milembe akitangaza, mwanamke mmoja aliyemfahamu tangu ujana alimuuliza, "Hii una hakika nayo?" Lilikuwa swali la kawaida, lakini katika miaka yote ile hakuwahi kuulizwa.

Msimu ulipoisha Wavunaji hawakupanda. Klabu ikamuuza Bujiku kwa timu ya Songea. Alipita kwao kuaga, akakuta baba yake yuko machungani, akamsubiri hadi gari la kumchukua likapiga honi.

Mwezi wa sita Milembe alikutana na mzee Mayige mnadani. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani. Mzee alikuwa anataka kuondoka, akasita.

"Huko Songea," alisema, "mtu akienda na pesa yake mkononi, wanamfungulia?"

"Sijui, baba. Sijafika."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, akawapiga ng'ombe wake kwa fimbo, wakaendelea kuelekea kwenye zizi la mauzo.