Tuelewane Habari ya Mahali

"Mlima huu umemeza lori langu mpaka matope yanamjua dereva kwa jina! Dunia nzima inapita hapa, mimi tu ndiye nazikwa!"

Huyo ni Tamimu, mwenye duka la Kasulu, viatu mkononi, anamgombeza Epifania kama vile yeye ndiye aliyeagiza mvua. Mwaka wa sabini na tatu huo, njia ya Kibondo. Lori limejaa maharage, tairi hazionekani.

Epifania, mjane, alikuwa jirani yangu. Anasema kidogo, ila akisema unatafuta pa kukaa.

"Bwana Tamimu, mlima hauhami. Jenga ghala huku juu kwangu, pakavu. Maharage yangojee jua humo. Ila funguo nashika mimi."

Funguo hizo alizitamani kuliko kitenge kipya. Tangu afiwe na mume, kila neno lake alisemewa na kaka yake, Felisiani.

Tamimu akapanda, akakanyagakanyaga ardhi, hasira zikamwisha. Akapaza sauti: "Mama, tuelewane habari ya mahali! Nitatoa chochote!"

Sasa sisi Waha, L na R kwetu ni mapacha, hatujui nani kazaliwa kwanza. Felisiani alikuwa anapita na jembe. Alichosikia ni mahari. Jembe likamtoka.

Asubuhi Tamimu, aliyelala kwenye lori, akashuka akakuta wazee tumekaa kando ya njia, mtungi wa pombe ya ndizi katikati.

"Mwakeye, shemeji!" Felisiani akamwamkia. "Karibu. Tuanze na ng'ombe wangapi?"

"Ng'ombe wa nini? Mimi nimesema mahali!"

"Ndiyo, mahari."

"Mahali! Pa kuweka maharage!"

"Maharage utaleta siku ya harusi. Sasa hivi ng'ombe."

Tulicheka mpaka mzee Bazilio akamwaga pombe yake, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Epifania hakucheka. "Kaka, hapa tunaongea ghala, na leo naongea mwenyewe. Bwana Tamimu, funguo je?"

"Zako, wallahi."

Ndipo akatabasamu. Tamimu akalitazama lile tabasamu muda mrefu kuliko biashara ya maharage inavyohitaji, akaisogeza kofia yake.

"Na hao ng'ombe wa kaka yako, Mama... nikiwaleta, utasemaje?"

 

"Ghala kwanza. Hayo mengine utaniuliza mimi, si kaka." Epifania akaokota jembe la Felisiani, akatupita, akapanda zake kule juu kupalia majani pale ukuta wa ghala utakaposimama.