Wafula Hakulia

Harufu ya chungwa linalomenywa wodini haifanani na ya chungwa linalomenywa sokoni. Huchanganyika na dawa ya kupigia deki, mkojo wa watoto na chai ya maziwa iliyokaa kwenye chupa tangu asubuhi, na mimi ikinifikia naona wivu kwanza, kabla sijakumbuka chochote. Ilikuwa likizo ya Aprili, miaka ya themanini. Ndugu yangu Wafula, wa miaka minne, alikuwa amepasuliwa ngiri katika hospitali moja mjini Kitale, na mama alikaa kando ya kitanda akimmenyea chungwa, akitoa mbegu moja moja kwa ukucha. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Hakuna mtu aliyewahi kunitolea mbegu za chungwa.

Kwetu ni Bungoma, lakini kwa majuma mawili tulihamia Matisi kwa senge, dada yake baba, ili tuwe karibu na hospitali. Kazi yangu ilikuwa kubeba chakula. Kila mchana nilitembea kwenye matope na chupa ya chai mkono mmoja na sufuria iliyofungwa kitambaa mkono wa pili, na nilipofika mama alipokea sufuria kabla ya kunitazama usoni. Wafula alikuwa na bati la biskuti, sweta mpya, soda mbili, na kuku mwekundu ambaye mjomba alimleta kutoka Bungoma na kumwacha kwa senge akiwa amefungwa mguu. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimemwagikiwa uji wa moto mguuni. Nilipakwa dawa ya meno, nikaambiwa nikome kucheza jikoni. Sikuletewa hata yai.

Neno lililoharibu mambo lilikuwa kukatwa. Mama, kwa kuogopa kumtisha mtoto, alimwambia kwamba daktari atamkata kidogo tu ili apone. Sasa kwa mtoto wa Kibukusu kukatwa ni jambo moja. Agosti iliyotangulia ilikuwa msimu wa tohara, na Wafula alibebwa mabegani kumtazama binamu yetu akisimama uani, mwili mzima umepakwa matope, bila kupepesa jicho, kisha akirundikiwa zawadi. Mjomba naye alikuja wodini akatia chumvi. Alimpa Wafula mkono kama anavyopewa mtu mzima, akasema, "Si huyu ameshakatwa? Sasa ni mwanaume kweri, bana. Kuku ni wake." Watu wazima wakacheka. Wafula hakucheka. Alijinyoosha kitandani, kidevu juu, nikajua ameamini.

Ningeweza kumweleza ukweli. Badala yake, mama alipotoka kwenda kufua, nilimwinamia sikioni nikamwambia, "Ukilia, ama useme kuna uchungu, vitu vyote vinarudishwa. Hata kuku." Sikusema hivyo ili kumtia moyo. Nilitaka alie. Nilikuwa na hakika kwamba kabla ya saa kumi jioni atakuwa amelia, nami nitamwona mjomba akija kumchukua kuku wake.

Hakulia. Katika wodi ile dawa ya maumivu ilimfuata aliyelalamika. Sista alipita kitanda kwa kitanda akiuliza, "Kuna uchungu?" Aliyelia alipewa dawa, aliyetikisa kichwa alipitwa. Wafula alitikisa kichwa asubuhi, mchana na jioni. Akina mama wa vitanda vya jirani wakaanza kuwaonyesha watoto wao: "Ona mwenzako, ati hata halii." Basi wivu wangu ukazidi, maana sasa alikuwa na zawadi na sifa pia. Siku ya pili niliona mambo ambayo mama hakuyaona, au aliyaona akayaita ushujaa. Wafula hakukohoa. Kikohozi kikimjia alikimeza, macho yakajaa maji. Alikataa kugeuzwa, akakataa chai, na hata usingizini vidole vyake viling'ang'ania ukingo wa kitanda. Niliyatazama hayo yote nikanyamaza, nikahesabu biskuti zilizobaki. Sijui nilikuwa mtoto wa namna gani.

Siku ya tatu akashikwa na homa. Sista mmoja wa makamo, mwenye sauti ya chini, alimwomba mama ampishe, akaketi kitandani na kutoa vifuniko vinne vya soda mfukoni. "Sikuulizi kama unalia," alimwambia. "Hivi ni uchungu. Kimoja ni kidogo, vyote ni mwingi sana. Chukua vyako." Wafula alinitazama mimi kwanza. Kisha akavichukua vyote vinne, akavifumbata, na bado hakutoa sauti. Sista akamweleza mama kwamba mtoto anayeogopa kukohoa kifua chake hujaa, na kwamba homa huenda ilitoka huko. Alipewa dawa, na kabla ya saa moja kupita alikuwa amelala mdomo wazi, vidole vimelegea. Mama ndiye aliyelia. Hakuna aliyeniuliza kitu, na Wafula hakunitaja, wala siku ile wala baadaye. Alipona, akarudi Bungoma na kuku wake.

Mwaka jana binti yake, Nasimiyu, wa miaka mitano, alipasuliwa kidole tumbo huko huko Bungoma. Nesi alimletea karatasi yenye nyuso zilizochorwa, kuanzia inayocheka hadi inayobubujikwa na machozi, ili aonyeshe ya kwake, na dawa ilikuja kwa saa zake, mtoto alie asilie. Niliona wivu tena, safari hii kwa niaba ya yule mtoto wa miaka minne. Lakini Nasimiyu alipoanza kulia, baba yake alimshika mkono akamsimulia hadithi ambayo ukoo wetu umeirudia miaka yote hii, ambayo ndani yake yeye ni shujaa na mimi ni mbeba chai tu. "Nyamaza, mama yangu. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wewe, nikakatwa, na sikulia." Mtoto akajitia shuka mdomoni.

Nikamwambia palepale, "Hukulia kwa sababu nilikudanganya. Nilikwambia kuku atarudishwa. Nilikuonea wivu, Wafula, nikataka wakunyang'anye kila kitu."

Nilidhani atacheka. Aliitazama mikono yake, mtu mzima mwenye ndevu. "Iliuma sana, dada," alisema. Sikuwahi kumsikia akilisema hilo. Kisha akaitoa shuka mdomoni mwa binti yake, polepole, akasubiri alie.