Kidole Gumba cha Fundi Erasto

Niiteni mbea, niiteni mdaku, sijali. Mwaka ule wa themanini na tatu mimi Mussa nilikuwa balozi wa nyumba kumi hapa Mtawanya, na balozi asiyemtilia mtu shaka huyo kapewa uongozi bure. Msako wa wahujumu uchumi ulikuwa umepamba moto. Sabuni hakuna, betri hakuna, na ukionekana na kitu kipya lazima useme umekitoa wapi.

Katika nyumba zangu kumi, aliyeninyima raha ni Erasto, fundi pikipiki. Alijifunzia kazi kwenye mashamba ya mkonge tangu ujana, akahamia kwetu na sanduku la spana na maneno yake ya kuhesabu. Mimi mtu mkimya simwamini hata kidogo. Na vidole vyake! Vyeusi, vimebabuka. Kazi gani ya halali inambabua mtu vile?

Msimu wa korosho ulipofika, Sadruddin, mwenye duka kule Mikindani, akamletea pikipiki ya marehemu baba yake. Jamani, ile ilikuwa kutu yenye magurudumu. Hewa ya bahari ilishakula rimu, madigadi, eksozi, mpaka honi.

"Hiyo ya kutupa," nikamwambia Erasto.

"Tutaona, Balozi."

Tutaona nini? Basi wiki mbili baadaye ikatoka uani inang'aa, naziona ndevu zangu kwenye rimu. Mtwara nzima rimu mpya hazikuwapo, maduka yalikuwa na vumbi tu. Nikajua hii mali imevushwa mto Ruvuma kwa magendo. Tena nyuma ya nyumba yake kulikuwa na pipa limefunikwa gunia, linanuka mabibo ya korosho yaliyochacha. Nikasema, alaa, na gongo juu! Nikaenda ofisi ya tawi la chama mbio, kandambili mkononi.

Mgambo wakaja na mkubwa wao, Josephu. Sadruddin akaapa kwa jina la Mungu kwamba vyuma ni vilevile vya baba yake. Nani wa kumsikiliza?

"Si pombe, ndugu," Erasto akasema. "Mabibo yakichacha sana yanakula kutu. Nalaza chuma humo siku tatu, nasugua kwa mchanga na majivu, kinatoka cheupe. Kwa ndani napaka mafuta ya maganda ya korosho. Ndiyo yanayonibabua hivi."

"Porojo!" nikasema.

Josephu akakuna kichwa. "Laza kingine, tukione. Siku ya tatu kikitoka na kutu, unapanda lori kwenda rumande, na pikipiki tunaichukua."

Sasa kilazwe chuma gani? Nilihofu Erasto ataleta cha kwake, cha ujanja. Nikaivamia baiskeli yangu mwenyewe, nikafungua digadi ya nyuma iliyooza kwa kutu. "Laza hiki! Hiki nakijua mimi!"

Erasto wakamfungia ofisi ya tawi. Mimi nikakaa kando ya pipa kutwa nzima, siku tatu, nzi wananichezea usoni, asije mtu akabadilisha kitu.

Siku ya tatu wakamleta. Akatoa digadi, akachuchumaa, akaanza kusugua. Kutu ikamomonyoka, na ile rangi kuukuu nayo ikatoka. Chuma kikaja cheupe, wallahi cheupe kabisa. Sadruddin akashusha pumzi.

Halafu nikaona herufi. Zilikuwa zimegongwa kwa msumari upande wa ndani, chini ya rangi: MALI YA KIJIJI.

Baiskeli ile niliinunua Nanyamba kwa mtu nisiyemjua, kwa bei ya kutupa, na sikumuuliza kaitoa wapi. Mimi! Mimi ninayemuuliza kila mtu!

Erasto naye alikuwa ameziona. Akainua macho, akanitazama. Neno moja tu angesema, lile lori lingekuwa langu. Nilijua atalisema, kwa sababu ningekuwa mimi ningelisema.

Akaweka kidole gumba juu ya zile herufi. Akainua digadi juu. "Haya, tazameni."

"Mh! Kweli nyeupe," Josephu akasema, akanyoosha mkono aishike.

"Ngoja kwanza niipake mafuta. Asiyetaka kubabuka asiguse."

Josephu akarudisha mkono haraka. Erasto akachovya tambara kwenye kopo, akapaka weusi juu ya zile herufi mpaka zikapotea. Hapohapo wakamwachia, na Sadruddin akaondoka na pikipiki yake.

Alasiri akaja kwangu, akaifunga digadi mwenyewe. Gumba lilikuwa limevimba.

"Erasto, kwa nini?"

"Kwa nini nini, Balozi?"

Akaenda zake.

Aliishi Mtawanya miaka kumi na moja zaidi. Kila asubuhi, "Shikamoo, Balozi." Hakuomba kitu, hakusema kitu. Na mimi kila nikimwona amesimama na Josephu, nasogea nisikie wanasema nini. Mtu anakutendea wema halafu hataki chochote, ana lengo gani huyo?

Alipofariki, nilikuwa wa kwanza kushika jeneza. Watu wakasema, Balozi alimpenda fundi wake. Mola anisamehe, nilikuwa nahakikisha limefungwa.