Maswali kwa Mtalaka

Dereva mmoja wa basi, Mtanzania mwenzangu hapa ughaibuni, mtaa wa Peckham, aliniomba nimsindikize mahakamani wiki iliyopita. Hakuwa na wakili. Alitaka aruhusiwe kumwona binti yake wa miaka sita, ambaye alikuwa hajamtia machoni tangu mtalaka wake alipohamia naye Ilford, upande wa pili wa jiji.

Zamu yake ya kumhoji mama ilipofika, alisimama, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja hadi jaji akamkumbusha aanze.

"Bado analala taa ikiwaka?" akauliza.

Wakili wa mama akasema swali hilo halihusiani na kesi. Jaji akamwashiria mama ajibu.

"Siku hizi tunaizima," mama akasema.

"Meno ya mbele yameota?"

"Moja limeota."

Jaji akamuuliza dereva kama ana maswali mengine. Akatikisa kichwa, akaketi, akajifuta uso kwa kiganja.

Wakili yeyote angemuuliza mama yule mambo ya kumwaibisha. Huyu alitumia nafasi yake yote kuulizia hali ya mtoto, nami nikadhani ameiharibu kesi. Lakini jaji aliamua mtoto aendelee kuishi na mama, na baba awe anamchukua kila Jumamosi.

Kwenye korido mama alitufuata, akamwita kama zamani.

"Baba Zawadi, usishangae. Kiswahili anakisikia, ila anajibu kwa Kiingereza tu."

"Hata asiponijibu," akasema yule bwana, "nitakuwa namwangalia."