Mbuzi ya Bi Mize

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, nilisimama mbele ya ukuta uliotundikwa picha kama mtu aliyeitwa kuhukumiwa, na kumbe mwenye kuhukumu ni mimi. Ilikuwa Chake Chake, katika darasa la skuli ya wavulana, miaka michache kabla ya vita vya Hitler. Nilikuwa kijana, ndevu zangu bado za kuhesabika.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi nilikuona ukumbini na kofia uliyokuwa ukiishona kwa mkono. Umeishona wiki nyingi, imefika karibu na kumalizika, halafu ukaona kitobo kimoja cha nakshi kimekaa vibaya, ukaitia mkasi. Nilikwenda zangu kutawadha. Lakini nilipokuona vile nilijiona mimi mwenyewe, na tangu juzi sina raha.

Mimi kupiga picha sikufundishwa na mtu. Kamera yangu ilikuwa ile ya sanduku, nyeusi, niliyoachiwa na binamu yangu alipohamia Mombasa. Nilijifunza kwa kusoma kikaratasi kilichokuwa ndani ya pakiti ya filamu, Kiingereza chenyewe nikikielewa nusu, nusu nikikisia. Picha nikizisafisha jikoni kwa mama, madirisha nimeyaziba kwa majamvi, mpaka siku aliyonusa dawa yangu kwenye bakuli lake la mchuzi akanifukuza na vyombo vyangu vyote.

Mtu anayejifunza peke yake ana taabu moja, mwanangu. Hajui elimu inaishia wapi. Kila siku anadhani iko kanuni ambayo watu wote wanaijua isipokuwa yeye. Basi mimi, kwa hofu hiyo, nilijitungia kanuni zangu. Picha iwe imenyooka. Kisitikisike kitu. Kivuli cha mpigaji kisionekane. Kichwa cha mtu kisikatwe, wala cha mnazi. Picha yoyote iliyovunja kanuni moja, hata ikiwa yangu, niliichana. Nilichana nyingi. Nyengine leo ningetoa kitu chochote nizione tena.

Pale mjini tulikuwa vijana wachache wenye kamera, za wenyewe au za kuazima, na kila Ijumaa tukikutana barazani kwa Mwalimu Shaame, aliyekuwa akisomesha hesabu. Yeye kamera hakuwa nayo. Alipenda kutazama tu. Ndiye aliyesema tufanye mashindano ya kirafiki, kila mtu alete picha moja, na zote ziwe za kitu kimoja. Tukabishana kitu gani. Mmoja akasema bahari, mwengine akamwambia bahari haienei kwenye kisanduku chako. Mwisho Mwalimu akasema, "Mti." Hakuongeza neno, wala sisi hatukuuliza mti gani. Bwana Lalji, mwenye duka la vitambaa na filamu, akatoa zawadi ya mshindi, filamu moja. Ilikuwa ya mwisho dukani kwake. Nyengine zingekuja na meli, na meli ya mzigo huo ilikuja ilipotaka yenyewe.

Wakanichagua mimi niamue pamoja na Mwalimu. "Kombo haoni kitu ila kasoro," walisema. "Bora tumpe kazi hiyo, maana anaifanya bure kila siku." Wakacheka, nami nikacheka.

Sasa, nilikuwa na rafiki yangu, Makame, kijana wa kijiji cha Wambaa. Alikuja kwangu kabla ya siku yenyewe, vumbi mpaka magotini, picha yake kaifunga kwenye leso.

"Yakhe Kombo," akasema, hata salamu hajamaliza, "bibi kakubali."

"Kakubali nini?"

"Kupigwa picha! Uso wake! Miaka yote akinifukuza na mwiko, ati uso wake si wa kuzungushwa mjini. Sasa macho yake yanaingia ukungu. Kasema mwenyewe, nipige upesi, nijione nilivyo kabla macho hayajafungwa. Na mie filamu sina hata ya dawa. Nikiipata ile ya Bwana Lalji..."

"Usiniambie!" nikamkatiza. "Mimi ni mwamuzi. Unanitia mtihanini."

Akanitazama kama aliyepigwa kofi. "Mie nakupa habari za bibi," akasema. "Sikukuomba kitu."

Filamu yangu mimi ilikuwa imekwisha zamani, sikuwa na ya kumpa. Lakini neno zuri nililikuwa nalo, na sikumpa hilo pia. Nilikuwa nimeshaanza kuogopa watu watasema nini.

Siku ikafika. Tukazitundika picha ukutani kwa pini. Kulikuwa na mwembe ambao chini yake amesimama binamu wa mwenye picha, katoa macho, ikawa picha ya binamu kuliko ya mti. Kulikuwa na mnazi usio na kichwa. Saidi, karani wa forodhani Wesha, mwenye kamera bora kuliko zetu zote, alileta mkarafuu uliosimama katikati kama askari wa gwaride, kila jani unaliona. Lakini chini kwenye shina kulikuwa na kivuli kirefu chenye tarbushi. Na Saidi alikuwa kaivaa hiyohiyo siku ile.

Ya Makame ilikuwa ya mwisho. Ilikuwa picha ya mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kukunja, imewekwa kwenye mlango wa jiko. Bi Mize, bibi yake, amekaa juu yake, lakini kwa kuwa siku ile alikuwa bado hajakubali kutoa uso, picha ilianzia mabegani kushuka chini. Unaona ncha ya kanga, ubao, na mkono wa kikongwe umeshika nusu ya nazi kwenye chuma chenye meno. Mkono wenyewe umetikisika, umekuwa kama moshi.

Saidi akapiga makofi. "Jamani! Tumeitisha mti, Makame katuletea mbuzi!"

"Tena hata pembe hana," akadakia mwengine.

"Mfungeni basi, asije akala mkarafuu wangu!"

Darasa zima likaangua kicheko. Makame naye alicheka, kwa upande mmoja wa mdomo. "Kwani hino mbuzi imechongwa kwa nini?" akauliza. "Kwa mawe?" Kisha akatoka nje na wenzake, tukabaki mimi na Mwalimu.

Mwanangu, nilizipitia zile picha mara sijui ngapi. Kila moja niliikuta na kosa lake, na kila nilipoona kosa nilipata nafuu, maana picha yenye kosa haikudai nisimame nayo mbele za watu. Nilipofika kwa rafiki yangu ndipo nilipokaza jicho zaidi. Hapana mtu, nilijiambia, atakayesema Kombo kampendelea Makame.

"Mwalimu," nikasema mwisho, "hakuna mshindi. Hakuna hata moja iliyotimia. Filamu irudi dukani."

Mwalimu Shaame alikuwa kakaa juu ya dawati la mtoto, magoti yamemfika kidevuni. Akanyoosha kidole kwenye picha ya mwisho. "Na hii?"

"Imepinda. Hebu tazama ubao wa kukalia, umelalia kulia. Kamera hakuishika sawa. Ilitakiwa iwe hivi." Nikaishika picha, nikaizungusha kwenye pini yake taratibu mpaka ule ubao ukakaa sawasawa na sakafu. Nikasogea nyuma niitazame. Nikarudi, nikaizungusha tena kidogo. Nikasogea tena.

"Kombo," Mwalimu akaniita. "Unamnyoosha nani? Picha au mbuzi?"

Sikumfahamu. Nikaitazama vizuri. Nyuma ya mbuzi, ukingoni mwa picha, ulionekana mwimo wa mlango wa jiko, ule mti wa pembeni uliosimama. Na mwimo sasa ulikuwa umeinama kama mlevi. Nikairudisha picha alivyoitundika Makame. Mwimo ukasimama wima, ubao ukalala upande.

Ndipo nilipoona. Picha haikupinda. Uliopinda ni ubao wenyewe. Bi Mize alikuwa kaukalia tangu alipoolewa, asubuhi na jioni, akiegemea upande wa nazi, mpaka mti ukalika pale alipoegemea. Nilichokiita kosa la Makame kilikuwa maisha ya bibi yake.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa upesi. "Na mkono je?" nikasema. "Umetikisika."

"Mkono unaokuna nazi ukitulia, bwana, tutakula wali gani?"

Nikacheka bila kupenda. Yeye hakucheka. Akateremka kwenye dawati, akaniwekea mkono begani.

"Umeulizwa ipi nzuri, Kombo. Hukuulizwa ipi haina kosa. Tungeulizana hilo, hata mimi nisingekaa hapa na meno yangu haya ya kupishana. Niambie kweli, unaogopa nini?"

"Naogopa watasema nimempa kwa sababu ni rafiki yangu."

"Watasema. Kwa hiyo umemwonea yeye ili wewe uonekane mwadilifu?"

Maneno yale yaliniingia, mwanangu, na mpaka leo hayajatoka. Siku zote nikidhani ukali wangu ni uaminifu. Kumbe nilikuwa najikinga.

Wenzetu wakaitwa ndani. Mwalimu akaniachia mimi niseme. Nikashika ukingo wa dawati kwa mikono miwili. Nikasema filamu ni ya Makame. Nilichokiogopa kikaja, tena kwa sauti kubwa.

"Si rafiki yako huyo?" Saidi akauliza.

"Ni rafiki yangu," nikasema. "Na kwa hilo nilikuwa karibu kumnyima. Njoo mlangoni, uitazame kwenye mwanga."

Nikaitoa picha kwenye pini, nikampa. Akaitazama, mwanzo kwa shari, kisha kwa utulivu. Nikamuonesha mwimo, nikamuonesha ubao. Saidi akapitisha kidole kwenye ubao.

"Mama yangu naye hukaa hivihivi," akasema. Halafu akajikumbusha kuwa anagomba. "Lakini Mwalimu, tulisema mti!"

"Na kijiko cha mti nyumbani kwenu kina majani?" Mwalimu akamuuliza.

Watu wakacheka, na safari hii Makame alicheka kwa mdomo mzima. Saidi akavua tarbushi yake, akaisogeza karibu na picha yake mwenyewe, pale kwenye kivuli, akailinganisha. "Angalau na mimi nimo," akasema. Yeye ndiye aliyempigia Makame makofi ya kwanza.

Siku chache baadaye nikafuatana na Makame hadi Wambaa. Bi Mize tulimkuta keshajitia wanja, kavaa kanga mpya. Makame akataka akae kwenye mbuzi yake, kama ukumbusho wa ushindi.

"Thubutu!" akasema bibi. "Huko nimekaa umri wangu wote. Leo niwekeeni kiti."

Tukamuwekea kiti uani. Makame akashika kamera, na mimi, kwa tabia yangu, nikaanza. Bibi, inua kidevu. Bibi, kanga imekunjana. Bibi, usitazame huku. Nikamuweka sawa, nikamuweka sawa tena, mpaka akamgeukia mjukuu wake.

"Makame, huyu rafiki yako anapiga picha au anatia kanzu pasi?"

Makame akacheka mpaka kamera ikamtikisika, bibi naye akacheka, na mulemule ndani ya kicheko Makame akapiga.

Picha niliisafisha mimi kwa mkono wangu. Ilipotokea nikaona kichwa kimeegemea, na kanga upande mmoja imekatwa. Kwa kanuni zangu za zamani ilikuwa ya kuchanwa. Tukampelekea. Bi Mize akaishika, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akaisogeza jichoni mpaka pua ikaigusa. Akakaa vile, tukaogopa haoni kitu.

"Kumbe nimefanana na mama," akasema.

Alikaa kizingitini nayo mpaka adhana ya magharibi.

Ukungu ulimfunga baadaye, kama alivyojua. Lakini aliishi miaka mingi, na kila mgeni aliyeingia alitolewa ile picha, mara nyengine imegeuzwa juu chini, akiambiwa, "Nitazameni mimi, na mama yangu humo humo." Watu waliigeuza wakaitazama. Na katika wote wale, mwanangu, hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kipande cha kanga kimekwenda wapi.

Mimi hofu haijanitoka. Sitakudanganya. Hata leo nikiandika barua naisoma tena na tena kabla sijaifunga. Lakini nimejifunza kujiuliza kabla ya kuchukua mkasi. Nanyoosha picha, au nanyoosha mbuzi? Kosa hili ni la kazi, au ni alama ya mtu aliyekaa hapo? Kosa la kweli lirekebishe, nami sikukatazi. Lakini usilitafute kosa kwa ajili ya kujificha nyuma yake, na usimkazie mwenzako kwa kuogopa midomo ya watu. Ukiitwa kuchagua kilicho chema, kichague, ukisimamie, hata hofu ikikushika. Shika ukingo wa dawati kama nilivyoshika mimi.

Na kesho anza kofia nyengine. Kitobo kimoja kikikaa vibaya, kiache, endelea na cha pili. Ukimaliza niletee, kichwa changu hiki nacho hakikunyooka, vitapatana. Mungu akupe mkono mwepesi na jicho lenye huruma, akujaalie kazi zako zifike kwa wenye kuzihitaji kabla macho yao hayajafungwa, na akupe rafiki wa kukuchekesha pale utakapokuwa umekaza uso. Amin.